Land Rover 109 la zamani: limekufa, au limekosa ethi?

Nilinunua koili, plagi nne, kondensa na kabureta ya mtumba kabla gari halijasogea hata hatua moja pale uani. Pesa ya mwezi mzima ilikwisha, na stata bado ilikuwa inalia "tak" moja na kunyamaza. Ndipo nikamwita fundi mzee wa mtaa wa pili. Alizunguka gari kimya, akainama chini ya bampa, akauliza:

"Umebadilisha nini mpaka sasa?"

Nikamtajia.

"Na waya wa ethi?"

"Bado, mzee."

Akachukua waya wa kujampia, akabana ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma cha injini. Stata ikazunguka kama ya gari la juzi. Waya wa ethi, yaani ule unaorudisha umeme kutoka kwenye injini hadi betri, ulikuwa umeliwa na kutu, na hata robo ya bei ya ile kabureta haufiki.

Tangu siku hiyo sinunui spea mpaka niwe nimepima. Ninayoyaandika hapa ni dalili nilizokutana nazo kwenye 109 yangu ya Series III (toleo la tatu la Land Rover hizi) na kwenye za jamaa ninaosaidiana nao. Mwenye Land Cruiser la zamani atakuta mengi yanafanana, ila vipimo vyake atafute vya gari lake.

Ujue una gari gani

Series III zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Namba 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kama sentimita 277. Injini ya kawaida ni ya silinda nne, sisi 2,286, ya petroli au dizeli. Nyingi zilizobaki kwetu zilipitia serikalini, kwenye misheni, mashamba ya mkonge au mbugani, na nyingine ziliunganishwa Thika enzi za Leyland Kenya. Kwa maisha hayo, usishangae ukifungua boneti ukakuta injini ya 200Tdi (dizeli ya Land Rover za baadaye) au ya Kijapani. Angalia kwanza kilichomo ndipo uulizie spea.

Nati zake nyingi ni za inchi. Spana ya milimita 13 inaingia kwenye nati ya nusu inchi, inakaa vizuri kabisa, halafu siku nati ikigoma inakula kona zote na kukuachia kazi ya patasi. Tafuta seti ya mtumba ya inchi: 7/16, 1/2, 9/16, 5/8 na 3/4. Ongeza mita ya umeme ya bei rahisi, fila geji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi), nyundo ndogo, na stendi mbili za chuma. Kwa matatizo mengi nitakayoeleza, vifaa hivyo vinatosha.

Pesa ikiwa kidogo, itangulize kwenye breki, usukani na chasi. Ifuate mifumo ya kupoza, kisha injini. Rangi ni ya mwisho kabisa. Wengi huanza na rangi kwa sababu ndiyo majirani wanayoiona.

Ukipiga stata, kimya au "tak" moja

Washa taa kubwa, mtu asimame mbele azitazame, wewe piga stata. Taa zikizimika kabisa, betri imekufa au kuna kiungo kibovu kati ya betri na stata. Zikififia kidogo huku stata inajikaza bila kuzunguka, stata yenyewe imeshika au injini imegoma. Zikibaki na mwanga uleule na husikii chochote, umeme haufiki kwenye stata: fuata waya mdogo wa swichi na solenoidi.

Sasa shika mita. Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6 hivi. Ukipiga stata ikashuka chini ya 9.6, ipeleke ikachajiwe na kupimwa kabla hujailaumu stata. Ikibaki juu na stata bado ni dhaifu, weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, upige stata tena. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotelea njiani na ethi yako ni mbovu. Injini imekaa juu ya mipira, hivyo umeme hauna njia ya uhakika ya kurudi kwenye betri isipokuwa ule mkanda wa waya kati ya injini au giaboksi na chasi. Mkanda ukifa, umeme hutafuta kichochoro. Kichochoro chenyewe mara nyingi ni waya wa choki. Ukiona waya wa choki unapata moto au unatoa moshi unapopiga stata, hapo huhitaji hata mita.

Tengeneza ethi mpya kwa waya mnene wa betri. Kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae pande zote mbili, kaza, halafu paka grisi juu. Ukikaza juu ya rangi umefunga pambo tu.

Gari lililolala miaka mingi linaweza kuwa na injini iliyoshika. Usilivute kwa trekta likiwa kwenye gia, kwani pistoni iliyogandamana kwa kutu inaweza kupasua ringi. Toa plagi (kwa dizeli, toa nozeli), mimina kijiko cha oili iliyochanganywa na dizeli kwenye kila silinda, subiri siku tatu au nne ukiongeza kidogo kila jioni. Kisha weka gia ya nne na usukume gari mbele na nyuma kwa mikono. Injini ikisogea hata kidogo, imekubali.

Injini hii bado ina sehemu ya kuingiza hendeli ya mkono pale mbele. Usiidharau. Ukizungusha polepole injini ikiwa na plagi zake, utahisi mkono ukigoma mara nne kwa kila mizunguko miwili. Kama mgomo mmoja ni laini kuliko mingine, silinda hiyo inavujisha, na umepima kompresheni bila kulipa mtu. Ila weka dole gumba upande mmoja na vidole vingine, usilizungushie hendeli. Injini ikirudi nyuma, dole gumba lililozunguka hendeli huvunjika.

Inazunguka vizuri, haiwaki

Kwa petroli, uliza maswali mawili kwa mpangilio: kuna moto? kuna mafuta? Chomoa plagi moja, ifunge kwenye waya wake, ilaze juu ya chuma cha injini mbali na harufu ya petroli, mtu apige stata. Cheche ya buluu inayolia ni nzuri. Ya manjano dhaifu, au hakuna kabisa, fungua kifuniko cha distributa. Pointi za gari lililolala hujipaka ukungu mgumu usioonekana. Karatasi ngumu ikipitishwa katikati yake huufuta. Nafasi yake iwe milimita 0.35 hadi 0.40 pointi zikiwa zimefunguka kabisa, na nafasi ya plagi kama 0.75 hadi 0.80. Tazama rota na kifuniko kwenye mwanga: mstari mwembamba mweusi kama unywele ni ufa, na moto unapita humo badala ya kwenda kwenye plagi. Kama mtu alishazichomoa waya za plagi kabla yako, hakikisha mpangilio ni 1-3-4-2. Gari moja la jamaa yangu lilikaa miezi minne juu ya mawe kwa sababu ya waya mbili zilizobadilishana nafasi.

Moto ukiwepo, chomoa bomba linaloingia kwenye kabureta, ncha yake itie kwenye chupa, uzungushe injini. Petroli isipotoka kwa kurukaruka, pampu ya pembeni ya injini imechoka au tangi limejaa kutu. Kabla ya kununua pampu, ipe mafuta kutoka dumu dogo lililo karibu nayo. Ikivuta kutoka dumuni, pampu ni nzima na tatizo liko nyuma, kwenye bomba au tangi.

Kwa dizeli hadithi karibu yote ni hewa. Bomba lenye ufa mdogo halivujishi mafuta nje, linavuta hewa ndani, na gari lililowaka jioni linagoma asubuhi. Funga kipande cha mpira unaoona ndani kati ya chujio na pampu. Ukiona mapovu yanapita, rudi nyuma kiungo baada ya kiungo. Kutoa hewa kuna mpangilio: kwanza kwenye chujio kwa kubonyeza kishikio cha pampu ndogo, kisha skrubu za pampu kubwa, mwisho legeza nati za nozeli mbili huku stata ikizunguka mpaka mafuta yatoke bila povu. Weka mkono mbali na mafuta yanayotoka kwenye nozeli, presha yake hutoboa ngozi. Halafu angalia mkono wa kuzimia injini kwenye pampu umerudi mpaka mwisho. Ule waya wake ukishika kutu katikati, pampu inakuwa imezimwa muda wote na wewe unalaumu nozeli.

Jambo moja la injini hizi za dizeli za awali ambalo mafundi vijana hawalijui: hita za silinda zimeunganishwa kwa mfululizo kama taa za sikukuu. Moja ikiungua, zote nne zinakufa. Mtu huona hakuna hata moja inayopata moto, akaenda kununua nne. Pima moja moja kwa mita. Iliyokatika ni moja tu mara nyingi.

Inawaka, lakini inatetemeka na kunuka petroli

Ikiwa kabureta ni Zenith 36IV, ile iliyofungwa kwenye nyingi ya injini hizi za petroli, fungua sehemu ya juu kabla hujafikiria nyingine. Uso ule wa juu hupinda kwa miaka ya joto na kukazwa kupita kiasi, na ule mpira mdogo wa duara uliomo ndani hukauka. Petroli inapenya pasipotakiwa, injini inalewa, unageuza skrubu ya mchanganyiko na hakuna kinachobadilika. Dalili yake kubwa ndiyo hiyo: skrubu haina kazi.

Laza karatasi ya msasa laini juu ya kioo cha dirisha, mimina mafuta ya taa kidogo, sugua uso uliopinda kwa mwendo wa namba nane mpaka ung'ae wote sawa. Weka mpira mpya na gasketi. Gharama ni ya msasa na mpira. Ukiwa hapo, kaza skrubu kwa adabu, kwa sababu mkono mzito ndio ulioipinda mara ya kwanza.

Kama ikitetemeka lakini hainuki petroli, nyunyiza maji kwa chupa kuzunguka gasketi ya manifodi injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika, hapo ndipo inapovuta hewa. Wengine hutumia petroli kwa kipimo hiki. Wewe tumia maji. Na kabla ya kufunga boneti, pima vavu: milimita 0.25 kwa zote, za kuingiza na za kutoa, petroli na dizeli. Ni saa moja ya kazi na fila geji.

Inachemsha

Hapa ndipo watu wengi huua injini ambayo ingeweza kuishi. Gari linachemsha, fundi anatoa thamostati na kuitupa, linaacha kuchemsha kwa wiki mbili, mwenye gari anafurahi. Kilichotokea ni kwamba ugonjwa umefichwa. Rejeta bado imeziba, na sasa injini inatembea baridi asubuhi na kuchemsha mlimani.

Uliza kwanza: inachemsha lini? Ikichemsha kwenye foleni na kupoa ukikimbia, upepo haupiti vizuri: feni belti limelegea, au mapezi ya rejeta yamejaa tope, mbegu za nyasi na wadudu. Rushia maji kutoka upande wa injini kwenda mbele, si kutoka mbele, usije ukazidi kuushindilia uchafu. Ikichemsha ukikimbia au ukipanda mlima lakini foleni inaivumilia, maji hayapiti ya kutosha. Rejeta imeziba ndani, au mpira wa chini umelainika na unafyonzwa ukajibana injini ikizunguka kwa kasi. Uutazame huku mtu akikanyaga mafuta.

Rejeta iliyoziba unaijua kwa mkono. Gari likiwa limepata moto na kuzimwa, pitisha kiganja mbele ya mapezi taratibu. Sehemu zilizo baridi katikati ya zenye moto ni mabomba yaliyoziba. Hizi rejeta za shaba zinafunguliwa juu na chini, zinasafishwa kwa fimbo na kuchomelewa tena kwa risasi. Mafundi wa kazi hiyo bado wapo, na ni nafuu kuliko rejeta mpya.

Injini nayo hujaa tope. Miaka ya kuongezewa maji ya mtoni na kisimani imeacha kutu na udongo nyuma ya silinda ya nne, mahali pa mbali zaidi na wota pampu. Fungua plagi ya kumwagia maji pembeni ya bloku. Maji yasipotoka, usidhani hamna maji. Chokoa kwa waya mpaka yatoke, kisha suuza kwa bomba la bustani kwa muda mrefu kuliko unavyodhani inatosha. Mimi nilitoa tope la kujaza sufuria ya wali.

Thamostati ipime jikoni: ining'inize kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, chemsha, tazama inafunguka na kurudi. Wota pampu ina tundu dogo chini ya shafti. Likitiririsha maji, pampu imekwisha. Na kama moto umetegwa vibaya kwenye distributa, yaani umechelewa, injini ya petroli itachemsha hata rejeta ikiwa mpya.

Baki na gasketi ya silinda hedi. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, jaza maji mpaka juu, washa. Mapovu yakipanda mfululizo kabla maji hayajapata moto, ni gesi ya silinda inayopita. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, thibitisho ni lilelile. Usifungue kifuniko hicho injini ikiwa ya moto hata kama una haraka ya namna gani. Nimeona mtu aliyefanya hivyo barabarani Chalinze, sitaki kumwona mwingine.

Moshi

Moshi wa buluu unaotoka ukishusha mlima kwa gia kisha ukakanyaga mafuta ni wa vavu. Unaotoka muda wote mzigo ukiongezeka ni wa ringi. Ili kuhakikisha, pima kompresheni, tia kijiko cha oili ndani ya silinda, pima tena. Ikipanda sana ni ringi, isipopanda ni vavu.

Moshi mweusi, anza na chujio la hewa. La gari hili lina bakuli la oili chini, na kwa barabara za vumbi bakuli hugeuka kuwa tope zito lisilopitisha hewa. Moshi mweupe wa asubuhi kwenye dizeli ni mafuta yasiyoungua, ukitoweka baada ya dakika chache achana nao. Usipotoweka huku maji yanapungua, rudi kwenye gasketi.

Oili inadondoka katikati

Watu husema kwa utani kwamba Land Rover lisilodondosha oili limekwishiwa oili. Hata hivyo mahali inapodondokea panasema mengi. Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu ambalo hufungwa kwa plagi tu unapovuka maji marefu. Siku za kawaida liwe wazi. Wengine huikuta plagi, wakaifunga moja kwa moja "isivuje", oili ikajaa ndani mpaka ikalowesha sahani ya klachi.

Chovya kidole kwenye tone linalotoka humo, unuse. Oili ya injini nyeusi nyepesi ni oilsili ya nyuma ya krenki. Oili nene yenye harufu ya kiberiti ni ya giaboksi. Tofauti hiyo ni muhimu kabla hujaanza kazi, kwa sababu giaboksi ya gari hili inatolewa kupitia ndani, baada ya kufungua sakafu na boksi la viti. Ukishaifikia sehemu hiyo badilisha vyote: oilsili zote mbili, beringi ya klachi, na sahani kama imebaki nyembamba. Kufungua mara mbili kwa ajili ya ubahili wa oilsili moja ni majuto.

Klachi ikiwa ngumu kuachia na gia zinakwaruza, usikimbilie giaboksi. Mtu akanyage pedali wewe ukiangalia silinda ndogo ya klachi pembeni ya nyumba yake. Fimbo ikisogea kidogo tu, ni hewa au mpira wa silinda umekwisha.

Gari halisogei, injini inanguruma

Umeweka gia, umeachia klachi, propela shafti ya nyuma inazunguka, magurudumu yametulia. Hafushafti moja ya nyuma (chuma kinachozungusha gurudumu) imekatika, na difu, zile gia za katikati ya ekseli, inapeleka nguvu zote upande ule usio na kazi. Bonyeza kitufe cha njano kuingiza magurudumu ya mbele na utaendesha mpaka nyumbani kwa mvuto wa mbele. Kama una habu za kufungia magurudumu ya mbele, zigeuze kwanza zishike. Wapo waliosubiri gari la kuwavuta usiku kucha na habu zimeachiwa. Ukifika, fungua boliti sita za habu ya nyuma, hafushafti inatoka kwa mkono. Kipande kilichobaki ndani kinahitaji waya, sumaku na subira.

Swali jingine la kila siku: "Nimebonyeza njano, sasa haitoki." Haitolewi kwa kuivuta. Simamisha gari, vuta mkono mwekundu wa transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) nyuma mpaka kwenye gia nzito, urudishe mbele, na njano itajiruka yenyewe. Isiporuka, mfumo umejikaza kwa sababu ulitembea kwenye lami ukiwa umeingiza mbele. Rudi nyuma mita chache, usukani ukiwa umenyooka. Gari hili halina difu ya katikati, lami si mahali pa njano.

Usukani unacheza, gari linatangatanga

Inua gurudumu moja la mbele, uweke stendi. Shika juu na chini, tikisa. Likicheza, mtu akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukitoweka ni beringi za gurudumu, ambazo mara nyingi zinahitaji kukazwa tu. Ukibaki, ni bushi na beringi za ile boli kubwa ya kromu (tufe la chuma) nyuma ya gurudumu. Boli hizo zina oili yake zenyewe, kama nusu lita ya EP90 (oili nene ya gia) kila upande. Kromu ikiliwa na kutu, oilsili inakatwa na oili inakwisha kimya kimya.

Ukikuta hamna mchezo, rudisha gari chini, mtu ageuze usukani kidogo kushoto na kulia, wewe lala chini ukitazama kiungo kimoja baada ya kingine: boksi la usukani, kile kiungo kilichosimama ndani ya bomba la chasi, kisha tairodi. Kile kinachosogea upande mmoja na kuchelewa upande wa pili ndicho kibovu. Halafu angalia bushi na yuboliti za springi, kwani ekseli inayotembea yenyewe hakuna usukani utakaoirekebisha.

Breki

Pedali ikishuka mpaka chini lakini ikishika ukipiga mara mbili, watu husema hewa. Kabla ya kumwaga mafuta ya breki chini, kaza virekebisho vya nyuma ya kila drami mpaka gurudumu lishike, kisha kanyaga. Pedali ikiwa juu na ngumu, hewa hamna, breki shuu zilikuwa mbali na drami. Legeza kila moja mpaka gurudumu liwe huru, kazi imeisha. Pedali ikibaki laini kama sponji, hapo toa hewa, ukianza na gurudumu la mbali zaidi na masta silinda. Ikishuka polepole ukiishikilia, na hakuna linalovuja nje, masta imekwisha ndani. Vumbi la drami za zamani usilipulize, linaweza kuwa na asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika drami nyuma ya transfa, yaani propela shafti. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki ukitegemea hendibreki, difu inaliruhusu gari kutembea na litashuka jeki. Weka mawe magurudumuni kila mara. Na ikiwa hendibreki haishiki hata ukikaza vipi, fungua drami ile: oilsili ya transfa imeilowesha.

Chasi na bodi

Bodi ni ya aluminiamu, haishiki kutu ya kahawia, na ndiyo maana gari linaweza kung'aa huku chasi imekufa chini yake. Chasi ni boksi la chuma, linaliwa kutoka ndani. Pitisha nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinasema "pu". Gonga zaidi kwenye boriti ya nyuma, mikono inayobeba bodi, mahali springi zinaposhikwa, na sehemu za miguu kwenye ukuta wa mbele. Magari ya pwani, Tanga mpaka Mtwara, gonga mara mbili.

Kiraka kikatwe mpaka kwenye chuma kizima, na kiwe na unene unaolingana na chasi. Bati la paa lililobandikwa juu ya kutu litakuachia gari njia panda. Kabla ya kuchomelea, chomoa betri na waya za altaneta, na tangi likiwa karibu liondoe kabisa. Ukimaliza, nyunyiza oili chakavu ndani ya boksi kupitia matundu yake. Ni uchafu, lakini oili hiyo haina gharama.

Mahali aluminiamu inapogusa chuma, hasa penye chumvi, aluminiamu hugeuka unga mweupe. Paka rangi pande zote mbili na uweke kipande cha mpira wa tyubu katikati kabla ya kukaza. Vipande vya bodi vipige ribiti. Mashine ya kawaida ya kuchomelea ya mtaani itatoboa tu.

Langu lina mlango wa kijani, ubavu wa kijivu na boneti isiyo na rangi. Litapakwa kiangazi, nikishamaliza ile oilsili ya transfa.